Aljebra kwa Lugha ya Kimanga

Jumamosi, 8 Februari 1964

Dai langu ni hili, nalo nitalitetea hadi mwisho wa somo: aljebra ya mstari yaweza kufundishwa yote kwa Kiswahili, tangu vekta ya kwanza hadi matrisi ya mwisho, na mtu asiyejua neno moja la Kifaransa akaielewa sawasawa na mimi.

Nimelisema leo darasani. Sikupanga kulisema. Padri anayetufundisha alikuwa ametua chaki na kueleza, kwa upole ulio mbaya kuliko tusi, kwamba lugha zetu ni nzuri kwa samaki, kwa ng'ombe na kwa sala, ila nafasi ya vekta haina pa kukaa ndani yake. Wanafunzi kumi na mmoja wakaandika. Wakaandika hata hilo. Nikasimama.

Baiskeli kutoka Bujumbura hadi Uvira: saa mbili na nusu, upepo wa ziwa ubavuni. Mpakani askari alifungua daftari langu, akaona mishale, akauliza kama ni ramani ya vita. Nikamweleza vekta. Aliniruhusu kupita ili ninyamaze.

Jumatano, 12 Februari

Padri hakusahau. Ameleta masharti: nimlete mtu asiyejua Kifaransa, naye atamhoji mwenyewe, ubaoni, mbele ya darasa zima. Siku: Jumamosi ya mwisho ya Mei. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Ni kasoro yangu ya zamani.

Deo, Mrundi ninayekaa naye dawati moja, aliniuliza nitamleta nani. Sikuwa na jina. Nina diploma ya sekondari ukutani. Nina sanduku la vitabu ambalo watu wawili hulibeba kwa shida. Nafundisha hesabu Uvira, na mara mbili kwa juma navuka mpaka kujiongezea elimu ambayo hapa kwetu haipo. Mtu sina.

Jumapili, 16 Februari

Mtu ninaye. Nilimwoa miezi mitano iliyopita.

Feza anashona nguo Kimanga, mtaa wetu wa Uvira, kibarazani, mbele ya nyumba yetu. Alisoma miaka mitano kwa masista, kwa Kiswahili, kisha mama yake akamhitaji nyumbani. Nilipomweleza habari ya Padri hakusimamisha cherehani.

"Weye njo ulipigana na Padri," alisema kwa Kiswahili cha kwetu. "Sasa minye njo nitaenda kupigwa?"

Nikasema hakuna atakayepigwa.

"Nikishindwa, watacheka nani?"

Watanicheka mimi, nikasema. Akakata uzi kwa meno, akafikiri.

"Basi nitajifunza. Lakini hautanifokea vile unafokeaka batoto ya masomo."

Nimeahidi.

Jumapili, 1 Machi

Nimevunja ahadi. Majuma mawili ya mishale, namba mbili ndani ya mabano, moja juu ya nyingine. Anazijumlisha bila kosa. Anazizidisha bila kosa. Nikamwuliza msingi, yaani zile vekta chache zinazojenga nyingine zote, ni nini, akanisomea maneno yangu mwenyewe kama katekisimu. Nikafoka. Alirudi kwenye gauni la mteja. Niliona aibu, sikuomba radhi. Nilikwenda kusoma. Sikusoma.

Saa kumi alasiri akaniita kwa jina la kazi, jambo analolifanya anapotaka kunicheka: "Mwalimu, kuja hapa." Alikuwa ameshika kipande cha kaniki mkononi. Akakivuta kwa urefu: hakikuvutika. Akakivuta kwa upana: hakikuvutika. Akakivuta kutoka pembe hadi pembe: kikarefuka.

"Unaona? Kitambaa iko na nyuzi mbili tu. Moja inaenda, moja inapita. Hii njia ya mshazari haina uzi wake. Ni hizi mbili zimesaidiana. Msingi yako njo hii?"

Njo hii. Ndiyo hasa. Nimesoma vitabu vitatu juu ya jambo hilo na hakuna kilichonivutia pembe ya kitambaa.

Niliomba radhi. Naandika ili ijulikane, walau na karatasi hii.

Jumamosi, 14 Machi

Leo darasani: vekta zinazojitegemea, kwa Kifaransa neno lilelile la uhuru. Padri akatania kwamba sisi Wakongo tulidai uhuru kabla ya kujua maana yake, na sasa yeye atatupa maana. Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

Nyumbani nilimwuliza Feza: nyuzi mbili zikienda upande uleule, utapata nini? Hakuinua macho.

"Utapata kamba."

Jibu hili lina usahihi wote wa ukurasa wa ishirini na sita wa kitabu chetu, na ni fupi zaidi.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Shule imefungwa kwa likizo ya Pasaka. Feza anapiga pasi ya makaa na kuuliza maswali, mimi nakaa kwenye mkeka na kujibu. Kwa nini sifuri iwe vekta wakati haiendi popote. Matrisi inamtendea nini mtu aliyesimama kwenye sifuri. Nikamwambia: haimtendei kitu, atabaki pale. Akasema anawajua watu wa namna hiyo, na akanitajia mjomba wangu.

Nampenda. Sijaliandika kabla ya leo kwa sababu sikuona haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi. Ila leo, alipokuwa akilowesha nguo kwa vidole kabla ya kupitisha pasi, niliingiwa na wazo baya: kwamba nimemfanya hoja. Kwamba nitampeleka mbele ya wanaume kumi na mmoja na Padri, kama mtu anavyopeleka kielelezo. Nikamwuliza kama anataka tuache.

"Weye ulianza kwa sababu ya Padri," alisema. "Minye sasa niko nasoma kwa sababu yangu."

Jumamosi, 18 Aprili

Habari mbaya kutoka bondeni. Waasi wamejitokeza kwenye tambarare ya Ruzizi. Wakulima wa Nyakabere wanaingia mjini na magodoro kichwani, mihogo wameiacha ardhini. Maziwa kutoka Mulenge hayajashuka kwa siku tatu. Barabara ya Bujumbura bado wazi. Nilikwenda darasani, nikarudi. Somo: kuzidisha matrisi kwa matrisi. Mpangilio una maana. Ukigeuza, jibu hugeuka. Mimi huwa nafurahia jambo kama hilo. Leo sikulifurahia.

Jumatano, 6 Mei

Sikwenda darasani juma lililopita. Askari wa serikali wanahamahama bila amri inayoeleweka. Nina rafiki upande wao na rafiki upande wa waasi, na wote wawili nimebishana nao, na wote wawili wameniambia kwamba maneno yangu ni ya vitabu. Labda. Sijaona bado bunduki iliyojibu swali.

Feza amenifukuza leo niende somoni. Kweli, kanifukuza: alinitolea baiskeli nje. Alisema kwamba nikikosa somo, yeye atakosa somo, na siku ya Padri haitamngoja. Nikaenda. Nikarudi salama. Alikuwa ameketi kibarazani bila kazi mkononi. Sijawahi kumwona hivyo. Alinyanyuka upesi, akajifanya anatafuta sindano.

Alhamisi, 14 Mei

Jana nilivuka kwa somo la Jumatano, nikalala kwa Deo kwa sababu ya mvua. Leo nimefika mpakani, daraja limefungwa. Nilibishana na afisa. Nilimnukulia sheria. Hakuisikiliza. Nimerudi kwa Deo na baiskeli mkononi, gurudumu la mbele limepinda.

Feza yuko Uvira peke yake. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama kwa muda mrefu.

Ijumaa, 15 Mei

Wanasema Uvira imeshikwa na waasi. Wanasema hivi, wanasema vile. Kila anayekuja ana habari yake.

Dereva wa kamyo, lori la misheni, bado anaruhusiwa kupita, kwa ajili ya dawa. Nimempa barua, nikamwelekeza nyumba yetu mara tatu mpaka akachoka nami. Niliandika kwa haraka, ubavuni mwa kamyo, injini ikiwaka: *Feza, njoo na huyu mtu. Atakushusha sokoni. Toka lango kuu la soko, pita barabara tatu kuelekea mlima, kisha barabara mbili mkono wa kuume. Nyumba ya Deo, mlango wa bluu. Nakungoja.*

Jumatatu, 18 Mei

Dereva amerudi tangu jana. Anaapa kwamba alimleta. Alimshusha kwenye lango kuu la soko, Jumapili, saa sita mchana, na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye kikwembe, kitenge chake. Anaikumbuka cherehani kwa sababu alimwambia aiache naye akamjibu vibaya. Ni Feza bila shaka.

Basi yuko mji huuhuu. Kutoka sokoni hadi hapa ni mwendo wa robo saa. Hajafika.

Nimekaa mlangoni tangu asubuhi. Mlango ni wa bluu. Nimeuangalia kwa karibu, ni wa bluu.

Jumanne, 19 Mei

Hospitali: hayupo. Kwa masista: hayupo. Uwanja wanapowaandikisha watu waliokimbia: jina halimo. Deo aliuliza kwa Kirundi, mimi kwa Kiswahili na Kifaransa. Watu ni wengi, kila mwanamke kabeba kitu kichwani.

Deo alinilazimisha kula. "Sha, rafiki, ukianguka wewe, tutatafuta wawili." Nilikula. Sikumbuki nilikula nini.

Mimi ninayejua kusema lugha nne sikupata hata mtu mmoja wa kubishana naye leo.

Jumatano, 20 Mei

Nilikwenda darasani kwa sababu miguu ilijua njia. Padri aliniona, akachukua chaki. Somo: kubadili msingi. Alichora mshale mmoja ubaoni kwa chaki nyeupe. Kisha akachora jozi ya kwanza ya vekta kwa nyekundu, jozi ya pili kwa bluu, jozi ya pili ikielekea kinyume na ya kwanza. Akaandika namba za mshale ule katika kila jozi: tatu na mbili, hasi tatu na hasi mbili. Akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu: ukimpa mtu namba bila kumpa msingi, hujampa kitu.

Nikasimama. Akauliza naenda wapi. Nikamjibu, nadhani kwa Kiswahili, kwamba nimekosa. Nikatoka.

Nieleze hapa. Kwetu Uvira hakuna anayesema mashariki wala magharibi. Mji ni utepe kati ya mlima na ziwa. Mtu huenda upande wa mlima au upande wa ziwa, basi. Feza alikuwa hajawahi kuvuka mpaka maishani mwake. Kwake mlima ni mmoja: ule ulio nyuma ya Kimanga. Ukisimama sokoni Bujumbura unauona vizuri kabisa, ng'ambo ya ziwa, mkubwa kuliko vilima vya huku. Mimi kwa miezi minne nimezoea vilima vya huku, vilivyo mashariki. Nilipoandika "mlima" nilimaanisha hivi. Yeye aliposoma "mlima" aliuona wetu.

Barabara tatu kuelekea mlima: kwake, tatu kuelekea ziwa. Mbili mkono wa kuume: aliyegeuka kutazama upande wa pili, kuume kwake ni kushoto kwangu. Namba zote mbili zinageuka kuwa hasi. Nilifanya hesabu nikikimbia.

Toka lango kuu. Barabara tatu kushuka ziwani. Mbili kuume. Hakuna mlango wa bluu. Kuna ua wa mama mmoja muuza mkaa, na ndani ya ua, juu ya kasha lililopinduliwa, kichwa cha cherehani, na Feza anazungusha gurudumu kwa mkono, anaunga shati la mtoto wa watu.

Alinitazama. Nami nilikuwa siwezi kusema, jambo ambalo Deo hataliamini.

"Siku tatu," alisema. "Minye niko pale ulisema. Weye njo ulipotea."

Nikamwambia ni kweli. Nikakaa chini kwenye vumbi la mkaa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu anayepima kofia, na hapo ndipo alipolia, nami nikalia. Mama wa mkaa alijifanya anahesabu magunia.

Alhamisi, 21 Mei

Amelala hadi saa tatu. Sijawahi kumwona akilala hadi saa tatu.

Ameacha Uvira vitabu vyangu vyote. Ameacha diploma ukutani. Nilipouliza, nilisikia sauti yangu ikipanda.

"Diploma iko na mishono ngapi?" aliuliza. "Mashini inatulisha. Ile karatasi, weye uko nayo mu kichwa, ama ulikuwa unadanganya?"

Nilicheka mpaka Deo akaja kutazama.

Mama yake amebaki Kimanga. Alikataa kupanda kamyo, akasema ataangalia nyumba mbili, yake na yetu. Feza anaitaja habari hii kwa maneno yaleyale kila mara, na kila mara anaangalia pembeni.

Jumatatu, 25 Mei

Nimemwambia tuiache siku ya Padri. Nchi imewaka. Nani atajali msingi na vekta? Nilikuwa na hoja nne, nzuri, nimezipanga. Alizisikiliza zote.

"Walitushusha mu kamyo, nilivuka daraja na mashini kwa kichwa," alisema. "Waasi walinitazama, basoda ba serikali walinitazama. Sasa nitaogopa ubao?"

Kisha akasema jambo lingine, polepole zaidi: kwamba zile siku tatu kwenye ua wa mkaa alikuwa akirudiarudia masomo ili asifikirie mengine.

Jumamosi, 30 Mei

Alivaa kikwembe cha harusi. Alitembea mbele yangu.

Padri alikataa nitafsiri. Akamhoji mwenyewe, kwa Kiswahili. Kiswahili chake ni kizuri sana. Sikuwahi kukisikia, miezi minne ametufundisha kwa Kifaransa tu, na kumbe lugha anayo, safi, ya miaka mingi ya kuungamisha watu. Nililiona hilo. Naamini darasa zima lililiona.

Vekta ni nini. Akajibu. Nyuzi mbili zinazojitegemea. Akajibu, na kamba yake ikawachekesha wote. Uzi wa tatu ukiongezwa juu ya kitambaa hichohicho? "Ni bure, Padri. Kila kitu ule uzi unaleta, zile mbili zilikuwa tayari nacho."

Kubadili msingi. Hakutumia kitambaa. Aliwaeleza soko, mlima, mlango wa bluu na ua wa mkaa, akaandika tatu na mbili, kisha hasi tatu na hasi mbili, kwa mwandiko wa miaka mitano kwa masista. Akasema kosa halikuwa kwenye namba. "Bwana yangu alijua kuhesabu. Alisahau kusema anatazama wapi." Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma. Deo alinipiga kiwiko mpaka mbavu zikaniuma.

Ndipo Padri akaweka mtego. Je, nyuzi zako mbili zisipokutana kwa pembe ya mraba, zikiinama, kitambaa bado ni kitambaa?  Hilo sikumfundisha. Nilikuwa sijafika pale.

 Feza alishika upindo wa kikwembe chake kwa mikono miwili, akauvuta pembeni mpaka miraba ya maua ikalala. Akautazama.

"Imelala," alisema. "Lakini haijapasuka. Kila pahali ilikuwa inafika, bado inafika."

 Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Padri alifunga kitabu, akasema somo limekwisha, akafuta ubao mwenyewe, namba za Feza zikiwemo.

Alinikuta ukumbini, nje ya darasa. Peke yangu, Feza alikuwa akizungumza na wanafunzi. Akaniambia kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini: mke wako ana akili isiyo ya kawaida. Akanipa mkono. Akaenda zake.

Jumapili, 31 Mei

Asubuhi tulivu. Tulikwenda misa ya kwanza, tukarudi kwa miguu. Kuna ukungu, milima yetu haionekani. Feza ameketi na Deo na dada zake Deo, anawapima mabega kwa kamba yenye mafundo, maana utepe wa kupimia ulibaki Kimanga. Wanacheka kitu nisichokisikia. Shule yangu imefungwa. Hatujui tutarudi lini, wala tutakuta nini. Usiku wa jana alishika mkono wangu usingizini na hakuuachia.

Nimekuwa nikilifikiria neno la Padri. Ni sifa, na sifa si jibu. Akisema Feza si wa kawaida, dai langu linabaki palepale lilipokuwa Februari: mwanamke mmoja mwenye bahati, lugha ileile maskini. Mimi sikudai kwamba mke wangu ana akili. Hilo nalijua na halihitaji padri. Nilidai kwamba lugha yatosha. Aliyethibitisha ni yeye, mbele ya watu kumi na mmoja, na kilichothibitishwa kilifutwa kwa kitambaa kabla chaki haijatulia.

Kwa hiyo nitaandika leo barua, si ndefu, na Jumatano nitaibandika mlangoni mwa darasa kabla ya saa ya somo. Nadai kwamba Padri ajibu hadharani: au aonyeshe ni hatua ipi ya Jumamosi ilikosa maana kwa Kiswahili, au akiri kwamba alikosea. Si ukumbini. Si kwa sauti ya chini. Ajibu ubaoni, mbele ya darasa lote, kwa Kiswahili kile kizuri alichotuficha. Na asijibu kwangu. Amgeukie Feza, ambaye atakuwa ameketi mstari wa mbele, amwambie yeye.